Gongo la Mjomba na Bokoboko la Harusi

Mwaka 1972, Avtar Singh Sohal alipoacha kuichezea Kenya mpira wa magongo, mjomba wangu alikuwa karani wa reli Nairobi, na habari ile aliipokea kama msiba wa ukoo. Mkaza mjomba, aliyekuwa bibi harusi mpya kutoka Unguja, bado anaisimulia siku hiyo. "Mji siujui, soko silijui, na mume wangu kajifunika shuka gubigubi kwa sababu Singasinga mmoja kachoka kucheza." Alimpikia wali wa nazi na kuku wa kukaanga, sahani ikarudi jikoni kama ilivyokwenda. Zaidi ya nusu karne imepita, sahani ile hajaisahau.

Kisa chenyewe kilitokea hapa Fumba, katika nyumba yao iliyo karibu na pwani, usiku wa kuamkia harusi ya mjukuu wao. Lakini asiyemjua Avtar ataona kwamba ni kelele za wazee wawili juu ya kipande cha mti. Kwa hiyo naanza naye.

Avtar Singh Sohal alizaliwa Nairobi mwaka 1938, na wenzake wakimwita Tari. Alicheza beki. Alikwenda Olimpiki nne: Roma 1960, Tokyo 1964, Mexico 1968 na Munich 1972, na katika tatu za mwisho yeye ndiye aliyekuwa nahodha. Alipofika Tokyo, Kenya ilikuwa haijatimiza hata mwaka mmoja wa uhuru. Huko Wilson Kiprugut alipata shaba ya mita 800, medali ya kwanza ya nchi hiyo, na timu ya magongo ikamaliza ya sita duniani. Alipostaafu alikuwa amecheza mechi za kimataifa 167, na kitabu cha rekodi cha Guinness kikaliandika jina lake kwa hesabu hiyo.

Mjomba aliujua mchezo kabla ya kumjua mtu. Alizaliwa Malindi, Mji Mkongwe, na utoto wake aliumaliza viwanja vya Mnazi Mmoja, ambako watoto wa Kigoa, wa Kihindi na wa Kiswahili walicheza jioni kwa magongo ya kuazimana. Aliyekosa gongo alikata tawi la mpera. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, alivuka kwenda Mombasa, na kutoka Mombasa akapanda gari moshi hadi Nairobi, akaajiriwa na reli ya Afrika Mashariki. Hakuwa na ndugu kule. Jumamosi mchana wenzake walikwenda sinema, yeye akenda kusimama pembezoni mwa viwanja vya akina Sikh Union na Goan Institute kuwatazama Masingasinga na Magoa wakipiga mpira.

Nimewahi kumuuliza kilichomvuta kwa Avtar ni nini, maana washambuliaji ndio wanaoimbwa. Akanijibu kwamba mshambuliaji ukimwangalia unafurahi, lakini beki ukimwangalia unapata usingizi. Alikuwa kijana aliyeondoka kwao katika mwaka mgumu, analala chumba cha kupanga na watu asiowajua, na pale uwanjani alimwona mtu mwenye kilemba, wa jamaa ndogo katika nchi kubwa, amesimama nyuma ya wenzake wote na hakuna kinachompita. Hilo lilimtosha. Naamini ndilo lililomfanya aendelee kukaa Nairobi.

Kilele cha mapenzi yake kilikuwa Oktoba 1971, Barcelona, Kombe la Dunia la kwanza la mchezo huu. Lilikuwa lifanyike Pakistan, ugomvi wa Pakistan na India ukalihamishia Uhispania. Kenya ya Avtar ilifika nusu fainali. Ikafungwa na wenyeji, bao moja kwa sifuri. Katika kutafuta mshindi wa tatu ikafungwa na India, mabao mawili kwa moja, baada ya muda wa nyongeza. Nchi ya nne duniani! Mjomba huinyanyua mikono yote miwili anapofika hapo, kisha huishusha mmoja mmoja. "Goli moja, mwanangu. Goli moja tu tungekuwa fainali." Yeye ni Mzanzibari, pasipoti yake ya Tanzania, lakini kwa habari ya Barcelona husema "sisi" bila ya kusita, na mimi sioni haja ya kumsahihisha.

Mwaka uliofuata, baada ya Munich, Avtar akapumzika. Mjomba alipotoka ndani ya shuka lake alikwenda dukani, akatoa sehemu nzuri ya mshahara wake akanunua gongo. Si gongo la Avtar, na hajawahi kumdanganya mtu kwamba lilikuwa la Avtar. Lilikuwa gongo jipya lililotengenezwa Sialkot, kichwa cha mforsadi kilichokunjwa kwa mvuke, mpini wa henzirani uliopachikwa ndani ya kichwa kwa gundi, na vipande vyembamba vya mpira katikati ili mkono usishtuke. Juu ya mpini alizungusha mwenyewe utepe wa kitambaa cheupe. Aliamua kwamba hilo ndilo kumbukumbu yake.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, reli ikagawanywa, na wafanyakazi wakarudishwa kila mmoja kwao. Mjomba alirudi Unguja na mke, watoto, cherehani na lile gongo. Tangu hapo lilikaa juu ya misumari miwili, juu ya mlango wa chumba chao. Kila Ijumaa alilishusha, akalipaka mafuta ya nazi, akalirudisha. Watoto wa nyumba ile, nami nikiwa mmoja wao kila skuli zilipofungwa, tulijua kwamba tunaweza kupanda mibuyu, kuiba maembe ya jirani na hata kuingia baharini maji ya bamvua yakiwa juu, tukasamehewa. Gongo hatukuligusa.

Sasa harusi.

Watu wa Fumba hawana harusi ndogo. Waliokuja walitoka Bweleo, Dimani, Kombeni, Nyamanzi, mjini na Pemba, na kutoka Muscat akaja rafiki wa Mjomba wa tangu Mnazi Mmoja, ambaye pia aliishi naye Nairobi kabla ya kuhamia Oman baada ya Sultani Qaboos kushika nchi mwaka 1970. Hawakuonana kwa miaka mingi. Harusi ilikuwa ya mjukuu, lakini kwa Mjomba ilikuwa vilevile siku ya kukaa na mtu aliyekuwa akisimama naye pembezoni mwa uwanja.

Chakula cha asubuhi ya harusi kilikuwa bokoboko, na bokoboko la watu wengi hupikwa usiku. Ngano ilikwisha kutwangwa na kuroweshwa. Sufuria kubwa la mtaa, lile la mikono miwili ambalo watu wanne hulibeba, liliwekwa juu ya mawe uani, kuni za mivinje zikawashwa, nyama ya ng'ombe ikatiwa na mdalasini na maji. Wanaume walihamia kwa jirani kulala. Uani tulibaki wanawake, mimi nikiwa na kazi ya kushika taa, kwa sababu umeme ulikuwa unakuja na kuondoka.

Mwenye kulijua bokoboko anajua kwamba kuchemsha si kazi. Kazi ni kulipiga. Ngano ikishaiva na nyama ikishalainika, lazima lipigwe na kusongwa bila ya kupumzika mpaka uzi wa nyama usitofautike na ngano, livutike, ling'ae. Ukiliacha kidogo linashika chini, na likishika chini moshi wake huingia sufuria zima, hapana samli wala sukari itakayouficha. Kwa hiyo kuna mwiko wake, mrefu kama kasia, na kila mtaa unao. Wa kwetu ulikuwapo. Karibu na saa nane usiku ukapasuka katikati.

Ule wa Bweleo ulikuwa kwenye harusi nyingine. Mpishi, mama wa makamo kutoka Chukwani anayeheshimika kwa mkono wake, akasema tulete chochote. Ukaletwa mchi wa kutwangia, ukawa unapiga katikati lakini chini haukwangui. Likaletwa kasia la ngalawa, likanuka sifa ya papa hata kabla ya kufika sufuriani, likarudishwa. Ukaletwa upondo, haupindi. Harufu ya kushika ikaanza kupanda, kidogo tu, ile ambayo pua ya mpishi huisikia kabla ya watu wengine. Mpishi akanyamaza, na sisi sote tukanyamaza.

Mkaza mjomba akajifunga kanga vizuri, akaingia ndani.

Nilimfuata na taa. Alisimama chini ya mlango wa chumba, akatazama juu, akasema "Bismillahi," akapanda kigoda. Sikumwambia kitu, na sidhani kama angenisikia. Uani alilimwagia maji ya moto, akalisugua kwa ndimu na majivu, akalisuuza. Utepe wa kitambaa aliukata kwa kisu cha vitunguu, kwa sababu ulikuwa na mafuta ya nazi ya miaka yote ile. Kisha akampa mpishi.

Lazima niseme haki ya gongo lile. Mpishi aliliingiza, akalizungusha mara moja, akageuka kututazama kwa mshangao. Ubapa wake ulipiga ngano kwa nguvu zote za mkono, na lile pindo la kichwa liliufuata mviringo wa chini ya sufuria kama limechongwa kwa ajili hiyo. Halikuacha pahala. Walipokezana wanawake sita, kila mmoja akipiga mpaka jasho linamtiririka, na wengine wakiimba ili wasisinzie. Harufu ya kushika ikaondoka. Alfajiri ilipokaribia bokoboko lilikuwa linavutika kama hariri, na mpishi, ambaye hasifu ovyo, akasema hajawahi kupata mwiko wa namna ile tangu aanze kupika.

Ni wakati wa mapigo ya mwisho ndipo mpini ulipotoka mikononi ukiwa peke yake. Gundi ya Sialkot ilivumilia miaka hamsini ya ukutani, haikuweza kuvumilia usiku mmoja wa moto. Kichwa kilibaki sufuriani. Tulikitoa kwa pawa mbili, kimevimba, kimepasuka nyufa mbili ndefu, kimepakwa bokoboko hadi ndani ya nyufa. Mpishi alikagua vipande vya mpira vyote, akavihesabu, akaridhika kwamba hakuna kilichobaki chakulani. Mkaza mjomba alifunga kichwa na mpini ndani ya kanga kuukuu, akaweka juu ya kabati la vyombo. Azana ikasikika.

Bokoboko lilisifiwa na kila aliyeketi kwenye jamvi. Samli juu, vitunguu vya kukaanga, sukari kwa wapendao. Mjomba, ambaye kwa kawaida hula kidogo, aliongeza sahani mara mbili. Rafiki yake wa Muscat alisema kwao Oman wanalo, lakini kama hili la leo hajalila tangu alipoondoka Unguja. Mjomba akafurahi sana, akamshika mkono. "Njoo ndani, kuna kitu nataka ukione. Kile nilichokueleza kwenye simu."

Tulikuwa tunakusanya masinia. Mkono wa Mkaza mjomba ulisimama palepale hewani.

Kwanza tulisikia kimya. Kisha sauti ya kigoda kikisogezwa. Kisha Mjomba akatoka, macho yake hayamtazami mtu, akaita watoto wote wa nyumba wasimame mstari mmoja, wa kwetu na wa wageni. Alikuwa anamuuliza wa tatu, mvulana mdogo wa Pemba aliyefika jana yake na ambaye mdomo ulikuwa umekwisha kumtetemeka, Mkaza mjomba alipoweka sinia chini.

"Usiwatese watoto wa watu. Gongo nimelichukua mimi."

"Umelipeleka wapi?"

"Halikutoka uani. Bokoboko lilikuwa linashika chini, mwiko umevunjika, wageni wako mia kwa mia wamelala wanangoja kula. Nimelisongea."

Mjomba alimtazama, kisha akamtazama rafiki yake, na rafiki yake akauliza taratibu, "Lile tulilokula sasa hivi?"

"Hilohilo, shemegi."

Akaletewa kanga. Akaifungua mwenyewe, juu ya meza, mbele ya watu. Alipoiona mipasuko hakusema kitu. Alikaa kitini, akakishika kichwa cha mforsadi mapajani, kikiwa bado na chembe za ngano. Nimeshuhudia mazishi kadhaa katika ukoo wetu, na sura ile nimeiona kwa watu waliokaa karibu na jeneza. Sikuiona kuwa imezidi kiasi. Kitu kile kilikuwa ujana wake wote.

Harusi iliendelea, bibi harusi akatoka, nyimbo zikaimbwa, lakini kwa siku kadhaa baada ya hapo nyumba ilikuwa na watu wawili wasiosemezana. Ujumbe ulipitia kwetu. "Mwambie mjomba wako chai tayari." "Mwambie nimeshakunywa msikitini." Mkaza mjomba hakuomba radhi, kwa sababu kwa maoni yake aibu ya kulisha wageni ngano iliyoungua isingefutika, na gongo ni gongo. Namwelewa. Ndiye aliyeishikilia nyumba ile Nairobi, akaishikilia Fumba wakati wa miaka ya foleni za unga na sukari, na usiku ule aliishikilia tena.

Wazee wenzake Mjomba walipopata habari walikuja kumpa pole. Sisemi kwa mzaha; walikuja wamevaa kanzu, wakakaa barazani, wakapewa kahawa, na mazungumzo yakawa ya marehemu asiyekuwa mtu. Ndipo nilipowasikia wapenzi wa mchezo huu wakimzungumza Avtar kwa kirefu, jioni baada ya jioni, nami nikitafuta kila kisingizio cha kupita na birika.

Mmoja alisema ukimtaja Avtar lazima umtaje na Surjeet Singh Panesar, ambaye naye alicheza Olimpiki zilezile nne. Mwingine, aliyesoma na Magoa, hakukubali Masingasinga wachukue sifa zote wakati kulikuwa na Hilary Fernandes na Alu Mendonca. Wakashindana mpaka kahawa ikapoa. Rafiki wa Muscat, aliyeahirisha safari yake kwa ajili ya jambo hili, ndiye aliyewageuza wakaliangalia lililofuata. Kwa nini mchezo ule ulizama?

Majibu yalikuwa mengi, na kwa masikio yangu yote yalikuwa ya kweli. Watu waliondoka. Mwaka 1968 Wahindi wengi wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza waliharakisha kuhama kabla mlango haujafungwa, na mwaka 1972, mwaka uleule wa kustaafu kwa Avtar, Idi Amin akawafukuza wa Uganda. Vilabu vilibaki na viwanja, wachezaji wako Leicester na Toronto. Kisha mwaka 1976 Kenya ikasusia Olimpiki ya Montreal pamoja na Tanzania na nchi nyingi za Afrika, kwa sababu New Zealand ilikwenda kucheza raga Afrika Kusini ya ubaguzi. Hapana aliyejuta kuhusu hilo barazani. Lakini Montreal hiyohiyo ndiyo Olimpiki ya kwanza iliyochezesha magongo juu ya nyasi bandia, na tangu hapo anayetaka kushindana lazima awe na uwanja wa fedha nyingi. Mchezo wa tawi la mpera ukawa mchezo wa nchi tajiri.

Mzee mmoja akaikumbusha Moscow 1980, Tanzania ilipokwenda na timu ya magongo na India ikaifunga mabao 18 kwa sifuri. Alianza kucheka. Mjomba, aliyekuwa hajasema neno jioni hiyo, akainua kidole. Akasema wale vijana walikwenda wakati wengine walisusia, wakacheza mechi zao zote, na India iliyowafunga ndiyo iliyochukua dhahabu. Asiwacheke mtu barazani kwake. Mzee yule akaomba radhi.

Kisha Mjomba akasema jambo ambalo nilisimama na birika langu nikalisikiliza mpaka mwisho. Alisema katika wote wale kilichomfanya Avtar awe Avtar kwake hakikuwa Tokyo wala Barcelona. Ni kwamba wenzake wengi walipoondoka, yeye alibaki Nairobi. Hakulitundika gongo. Aliingia uwanjani kuwafundisha vijana wa Kenya, na baadaye majina ya timu yakawa ya Kiluya, ya Kijaluo na ya Kikuyu pamoja na ya Kisinga. Kenya ikarudi Olimpiki 1984 na 1988, na mwaka 1987, Nairobi, ikachukua dhahabu ya Michezo ya Afrika. "Beki hastaafu," alisema. "Anarudi nyuma zaidi tu."

Nadhani alijisikia mwenyewe. Alinyamaza ghafla, akamtazama rafiki yake, na rafiki yake akamwambia kwa upole ambao wazee hupeana peke yao, "Sasa wewe lako umelitundika miaka mingapi?"

Rafiki yule akaeleza aliyoyaona kwao. Januari 2024 Muscat ilifanya Kombe la Dunia la kwanza la magongo ya watu watano watano, kiwanja kidogo, na Kenya ilikuwamo. Alikwenda na wajukuu zake kuishangilia, wajukuu wakishangaa babu yao anashangilia nchi gani. Akasema watu watano na kiwanja kidogo, mbona pwani ya Fumba maji yakipwa kuna mchanga mgumu wa kutosha timu kumi.

Kesho yake Mjomba alichukua kanga na vipande vyake, akaenda kwa fundi wa mashua. Nilikwenda naye. Fundi alivigeuza vipande mikononi kwa heshima, akasema gongo hili halitacheza tena, ila anaweza kulifunga likatundikwa. Lakini alivutiwa na lile pindo. Akatuonyesha rundo la matawi yaliyopinda yenyewe, ya mtondoo na ya mwembe, anayoyaweka kwa ajili ya mataruma ya mashua, maana taruma likikatwa kwenye ubao ulionyooka huvunjika, likitoka kwenye tawi lililokua limepinda halivunjiki. Akachukua tezo. Kabla ya adhuhuri alikuwa amechonga gongo zima kutoka tawi moja, bila ya gundi hata tone. Mjomba alilishika, akalipima uzito, akapiga jiwe dogo likaruka mpaka majini. Akaagiza mengine kumi na moja.

Sasa alasiri, maji yakipwa, kuna mchezo pwani. Watoto wa Fumba na wajukuu wa waliohamia nyumba mpya za Fumba Town wanacheza pamoja, wavulana na wasichana, mpira wa tenisi uliofungwa kwa uzi wa nailoni. Mjomba anakaa kwenye kiti chini ya mkungu na anapiga kelele kuliko wote. Ubapa tu ndio unaopiga, upande wa mviringo ni kosa! Beki asikimbie mbele! Bora wao ni mjukuu wake wa kike wa miaka kumi na miwili, ambaye amekataa katakata kucheza mbele, na Mjomba anapomtazama amesimama nyuma ya wenzake, kanga kiunoni, husahau hata kupiga kelele.

Na Mkaza mjomba? Walisemezana tena siku ile fundi alipoleta magongo nyumbani. Aliyapitia moja moja, akachagua lililokuwa refu na zito kupita yote, akalipeleka jikoni bila ya kumuuliza mtu. Mjomba akasema hilo ni la mlinda mlango. Akajibiwa kwamba mlinda mlango wa nyumba hii ni yeye. Fundi akaombwa achonge jengine.

Idd iliyopita mpishi wa Chukwani alikuja kuliazima, na mama mmoja wa Bweleo ameagiza la kwake. Kichwa cha Sialkot na mpini wake vimefungwa kwa uzi wa shaba, vimerudi juu ya misumari, na utepe mweupe mpya Mjomba aliuzungusha mwenyewe huku mkewe akimshikia ncha.

Jana usiku alikuwa anazungumza na Muscat kwa simu, sauti juu kama kawaida yake, akimweleza rafiki yake kwamba watoto wameongezeka, mipira ya tenisi haidumu, atume mipira halisi ya magongo kwa mtu wa kwanza anayekuja. Kutoka jikoni Mkaza mjomba akapaza sauti kumshinda: "Na mwambie atie na samli ya Oman, kopo mbili! Mwezi ujao tuna harusi Dimani!"